Wisbech: Mji Uliokimbiwa na Bahari

Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba unasoma Uingereza, kichwani mwake tayari uko London, umepanda basi jekundu la ghorofa na unapishana na wachezaji wa Arsenal dukani. Binamu yangu wa Mbagala anaamini hivyo mpaka leo. Kila akipiga simu anauliza baridi ya London ikoje, na mimi nimeshachoka kumsahihisha.

Mimi niko Wisbech. Usilisome kama lilivyoandikwa. Wenyeji hulitamka "Wizbichi". Ni mji wa soko wa watu zaidi ya elfu thelathini, ulio kilomita kama 60 kaskazini mwa Cambridge, kandokando ya mto Nene. Treni haifiki. Ya mwisho ya abiria ilipita mwaka 1968. Ukija kwa treni unashuka mji wa jirani unaoitwa March, ndiyo, kama mwezi wa tatu, halafu unatafuta basi. Siku ya kwanza nilikaa kituoni nikadhani nimerudi Ubungo ya zamani, tofauti tu hakuna anayekuvuta begi.

Kilichonileta hapa ni vitu viwili: tasnifu na pesa. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu ardhi inayodidimia, na hakuna mahali Uingereza ambapo ardhi inadidimia kama katika tambarare hizi. Pesa, sihitaji kueleza. Ninyi mnaosubiri boom mnajua lugha hiyo. Posho ya ufadhili inatosha kula na kulala kwa hesabu ya msomi, siyo kwa hesabu ya mtu mwenye wadogo wawili sekondari. Kodi ya chumba hapa ni nafuu kuliko Cambridge, na pembeni ya mji kuna maghala ya kufungashia matunda na maua ambayo hayakosi kazi. Viza ya mwanafunzi inaniruhusu saa 20 kwa wiki. Basi wiki yangu imegawanyika: siku tatu mkanda wa stroberi, siku zinazobaki mitaro, ramani na makabrasha.

Nataka niwaeleze kuhusu mji huu kwa sababu umenifundisha jambo ambalo madesa ya jiografia hayakunifundisha, na kwa sababu kuna mtu mmoja wa hapa ambaye kila mwanafunzi anayeandika insha ili apate maksi anapaswa kumjua.

Tuanze na ardhi yenyewe.

Ukitazama ramani ya Uingereza upande wa mashariki, utaona bahari imeuma nchi kavu ikaacha umbo kama la mraba. Hapo panaitwa the Wash. Nyuma yake kuna tambarare ya karibu kilomita za mraba 4,000 inayoitwa the Fens. Hakuna kilima. Ukisimama juu ya tuta la mto unaona mpaka mwisho wa macho: ngano, viazi, vitunguu, mitaro iliyonyooka kama imepigwa rula, na mbingu kubwa ajabu. Zamani yote hii ilikuwa kinamasi. Watu waliishi juu ya visiwa vidogo vya udongo mgumu, wakavua samaki, wakakata matete ya kuezekea, wakawinda ndege wa majini na kulisha mifugo maji yalipopungua. Waliishi hasa kwa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Kitabu cha hesabu ya ardhi kilichoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086 kinawataja wavuvi wa Wisbech wakilipa mikunga kwa maelfu. Kanisa kuu la Ely, ambalo mnara wake unauona kutoka mbali kama meli, linakaa kwenye kisiwa ambacho jina lake linahusishwa na mikunga hao hao.

Wisbech wakati huo ilikuwa karibu na bahari. Mito ilikutana hapa ikamwagika pamoja kwenye ghuba. Wanormani, baada ya kuivamia nchi mwaka 1066, wakajenga ngome. Mfalme John alipita hapa Oktoba 1216, akiwa katikati ya vita na mabwana wake mwenyewe. Msafara wa mizigo yake ulijaribu kukatisha mchanga wa ghuba wakati maji yamepwa, maji yakarudi kabla haujavuka. Mali ikazama. Siku chache baadaye mfalme akafa kwa ugonjwa. Watu wanaitafuta ile hazina mpaka leo, na kitu cha kuchekesha ni kwamba wanaitafuta kwenye mashamba ya viazi. Pale palipokuwa bahari sasa ni nchi kavu.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1236, bahari ikaja yenyewe na kuiharibu ile ngome. Halafu katika karne hiyo hiyo ya 13 likatokea kubwa kuliko mafuriko: mto ukahama. Maji ya Great Ouse, yaliyokuwa yakipita Wisbech, yakageukia upande wa Lynn, bandari ya jirani. Mdomo wa mto wa Wisbech ukapungukiwa nguvu ya kusukuma tope, tope likajaa, pwani ikasogea mbali. Leo kutoka sokoni mpaka bahari wazi ni karibu kilomita 20. Bado maji ya bahari yanapanda na kushuka mtoni kila siku, na meli ndogo bado huja kwenye gati. Bamvua ikija unaweza kuona maji ya mto yakienda kinyume, yanarudi bara. Ila bahari yenyewe huioni. Imeuacha mji na gati lake.

Nimezaliwa Rufiji, kijiji kilicho jirani na Utete. Habari ya mto kuhama sikuisoma kitabuni kwanza. Niliisikia kwa bibi. Kwetu mtu mzima anaweza kukuonyesha ziwa refu lenye umbo la upinde akakwambia, "Mto ulikuwa hapa, ukaondoka." Kwa hiyo nilipokuta makabrasha ya Wisbech yanazungumzia mto kuhama kama msiba wa ukoo, sikushangaa. Kilichonishangaza ni walichofanya baadaye.

Walianza polepole. Mwishoni mwa karne ya 15 askofu wa Ely aliyeitwa John Morton alichimbisha mfereji ulionyooka kutoka karibu na Peterborough mpaka Guyhirn, kilomita chache tu kutoka hapa, ili maji ya Nene yafike baharini haraka. Mfereji huo bado upo. Kazi kubwa ilikuja karne ya 17. Bwana mmoja tajiri, Earl wa Bedford, alikusanya wenzake 13, wakaweka mtaji, wakamtumia mhandisi kutoka Uholanzi aliyeitwa Cornelius Vermuyden. Makubaliano yalikuwa haya: mkikausha kinamasi, mtapewa eka 95,000. Wawekezaji hao waliitwa kwa Kiingereza cha wakati ule watu wa kujaribu bahati. Mwaka 1637 wakamaliza mto wa bandia wa kilomita kama 34, umenyooka moja kwa moja. Kisha mwaka 1651, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakachimba wa pili sambamba nao, mpana zaidi, na sehemu ya waliochimba walikuwa mateka wa vita kutoka Uskoti na Uholanzi.

Wenyeji hawakukubali. Kwao kinamasi hakikuwa "ardhi isiyotumika". Kilikuwa kitoweo, paa la nyumba, malisho ya pamoja. Usiku walitoka wakabomoa matuta na kuharibu milango ya maji. Walibandikwa jina la chui wa Fens. Lakini mtu anayepigania mikunga akishindana na mtu mwenye hati ya mfalme, mwisho wake tunaujua. Ardhi ikakauka, ikagawanywa, ikapimwa, ikauzwa.

Na hapa ndipo tasnifu yangu inapoanzia, kwa sababu ardhi nayo ilikuwa na jibu lake.

Sehemu kubwa ya kusini mwa Fens si udongo wa kawaida. Ni mboji nyeusi, mabaki ya matete na miti yaliyolundikana kwenye maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza. Yakikaa ndani ya maji yanadumu. Ukiyatoa maji, kwanza yanasinyaa kama sponji lililokamuliwa. Halafu hewa inaingia, vijidudu vinaanza kazi, mboji inaoza na kupotea angani kama gesi ya kaboni. Ile inayobaki juu, upepo wa masika unaipeperusha. Kwa hiyo kadiri unavyokausha, ndivyo shamba linavyoshuka. Likishuka, maji hayawezi tena kwenda mtoni yenyewe, maana sasa mto uko juu ya shamba. Wakaweka vinu vya upepo vya kuinua maji, kwa mamia. Shamba likashuka zaidi. Katika karne ya 19 wakaweka injini za mvuke. Likashuka zaidi. Ikaja dizeli, ikaja umeme. Leo ukitembea kwenye barabara za huku unaona kitu ambacho macho yanakataa: mto unapita juu, nyumba na trekta viko chini yake.

Kuna mahali panaitwa Holme, kusini mwa Peterborough. Mwaka 1851, walipokausha ziwa kubwa la Whittlesey lililokuwa jirani, walisimamisha nguzo ya chuma, wakaikita mpaka kwenye udongo mgumu wa chini, kichwa chake kikalingana na uso wa ardhi. Nimekwenda kuiona. Sasa nguzo ile imetoka nje mita 4 hivi. Nilisimama chini yake nikanyoosha mkono juu, sikukaribia kilele. Haikupanda hata sentimita. Ardhi ndiyo iliyoshuka, na mahali pale sasa pako chini ya usawa wa bahari.

Mji wa Wisbech wenyewe una nafuu kwa sababu umekaa juu ya tope lililoletwa na bahari, na tope halisinyai kama mboji. Ila haukuokoka na maji. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ya kaskazini ilifura ikapanda pwani yote ya mashariki, watu 307 wakafa Uingereza. Januari 1978 maji yalipanda tena yakaingia mitaani Wisbech, na baada ya hapo kuta za mto zikainuliwa. Ukipita North Brink, mtaa mzuri kuliko yote hapa, wenye nyumba za matofali za karne ya 18 zilizojengwa na matajiri wa nafaka na benki, unaona ukuta wa zege kati ya nyumba na mto. Watalii hupiga picha nyumba. Mimi napiga picha ukuta.

Mzee mmoja aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye pampu za maji alinikaribisha chai kwake. Nilimuuliza, kama wakati wa Vermuyden wangejua kwamba ardhi itashuka, wangeacha? Akafikiri, akasema: "Wewe kijana umekuja na swali la mtu ambaye hajawahi kula kiazi chetu." Akacheka. Kisha akaniambia kwa utaratibu kwamba pampu zikizimwa, maji yatarudi, na haoni nani atakuwa na ujasiri wa kuzizima wala nani atakuwa na pesa za kuziwasha milele. Ile "milele" ndiyo iliyonibaki. Waliokausha kinamasi walisaini mkataba wa miaka 370 na zaidi, na wanaolipa bado wanazaliwa.

Sasa niwaambie kuhusu watu.

Wisbech ilitajirika kwa ardhi ile iliyokauka. Nafaka ilitoka, mbao kutoka nchi za Baltiki zikaingia. Vijiji vya jirani vililima mmea unaotoa rangi ya buluu ya kutilia nguo. Yakaja matunda: stroberi na maepo. Enzi za kuchuma, familia maskini za mashariki mwa London zilikuja na watoto wao na masufuria, zikalala kwenye vibanda wiki kadhaa, hiyo ndiyo likizo yao. Baada ya 2004, Umoja wa Ulaya ulipopanuka, wakaja Walithuania, Wapolandi na Walatvia. Mwaka 2016 wilaya hii ya Fenland ilipiga kura ya kutoka kwenye Umoja wa Ulaya kwa asilimia 71.4. Sasa msimu wa kuchuma unaletewa pia vijana kutoka Kirgizia, Tajikistani na Uzbekistani kwa viza za muda.

Ghalani kwetu unasikia lugha nane kabla ya chai ya saa nne. Mwenzangu wa mkandani ni mama wa Kilithuania aliye hapa tangu 2005. Alikuwa mwalimu wa hesabu kwao. Nilipomwambia nasoma uzamili alinitazama mikono, akaniuliza kwa nini basi niko kwenye stroberi. Nikamwambia kwa sababu hiyo hiyo yake. Tangu siku ile tumekuwa marafiki. Yeye ndiye aliyenionyesha sokoni mahali pa kununua samaki wa moshi, na mimi nikamfundisha kusema "pole na kazi", ambayo sasa anaisema hata kwa msimamizi wetu wa zamu, ambaye hajui kitu gani anaambiwa.

Usidhani ninaupamba mji. Katikati kuna maduka yaliyofungwa. Kuna vijana wa Kiingereza wasio na kazi wanaotutazama tukishuka kwenye gari la wafanyakazi, na macho yao hayasemi karibu. Jamaa mmoja aliniambia baa wazi kabisa kwamba tumewashushia mishahara. Sikubishana, maana sina takwimu, na yeye naye hana. Ila nilifikiria wale chui wa Fens. Kila awamu ya utajiri hapa ilikuwa na watu wake wa kuchimba na watu wake wa kuvuna, na mara nyingi hawakuwa wamoja.

Katikati ya mji, karibu na daraja, kuna mnara wa mawe wa mita 20 hivi. Unafanana na mnara wa kanisa uliokatwa ukashushwa chini. Ndani yake amesimama mwanamume, na chini yake kuna picha za kuchongwa, moja ikiwa ya mtumwa aliyefungwa minyororo amepiga magoti. Wiki mbili za kwanza nilipita pale nikikimbilia zamu bila kusoma. Siku moja basi lilichelewa, nikasoma. Thomas Clarkson, aliyezaliwa Wisbech mwaka 1760.

Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa. Thomas akaenda Cambridge. Mwaka 1785 chuo kikatangaza shindano la insha kwa Kilatini, swali likiwa hivi: ni halali kuwafanya watu watumwa bila ridhaa yao? Clarkson alikuwa na umri wa miaka 25 na hakujua chochote kuhusu biashara ya watumwa. Aliingia kwenye shindano kwa sababu alitaka kushinda. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda jingine. Ni sisi kabisa, jamani. Akatafuta vitabu, akasoma usiku, akaandika, akashinda, akaisoma insha yake mbele ya chuo, akapigiwa makofi.

Kwa wengi wetu stori inaishia hapo. Maksi zimeingia, tunaanza kozi nyingine. Yeye alipanda farasi kwenda London kuanza maisha ya kanisa, maana alishapewa daraja la ushemasi. Njiani, karibu na kijiji cha Wadesmill, alishuka akakaa kando ya barabara, akajiambia kwamba kama yale aliyoyaandika ni kweli, basi lazima mtu fulani ayakomeshe. Leo pale alipokaa kuna jiwe la kumbukumbu.

Akaitafsiri insha kutoka Kilatini kwenda Kiingereza, ikachapishwa 1786. Hatua hiyo nawaomba muitazame vizuri. Kwa Kilatini ilikuwa ya mahakimu wa shindano. Kwa Kiingereza ikawa ya muuza duka. Mwaka 1787 watu 12 wakaunda kamati London, wengi wao Wakweka, wale wanaojiita Jamii ya Marafiki. Clarkson akawa miguu yao. Kwa miaka saba alisafiri kwa farasi maili kama 35,000. Aliingia kwenye mabaa ya Bristol na Liverpool kuwahoji mabaharia, akanunua pingu na vyuma vya kubania vidole vilivyouzwa madukani waziwazi, na gatini Liverpool kundi la watu lilitaka kumsukuma majini. Alisaidia kusambaza ule mchoro wa meli ya Brookes uliowaonyesha watu 482 wamepangwa kama samaki kwenye kopo. Hakuwa peke yake. Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa mwenyewe, alichapisha kitabu cha maisha yake 1789, akazunguka nchi nzima akikisoma, na akaoa mwanamke wa Soham, mji wa mkoa huu huu wa Cambridge. Bunge likapiga marufuku biashara hiyo 1807, na 1833 likapitisha sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni. Fidia ya pauni milioni 20 ikalipwa kwa waliomiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata hata senti.

Katika jumba la makumbusho la mji huu kuna sanduku la mbao la Clarkson. Alilibeba mikutanoni. Ndani aliweka vitu vya Afrika: vitambaa vilivyofumwa, ngozi, viungo, mbegu, kazi za mikono. Alitaka Waingereza waone kwamba kuna bidhaa za kununua Afrika bila kununua watu. Nilisimama mbele ya vitambaa vile nikiwa na harufu ya stroberi mikononi. Ni kazi safi, ya mtu mwenye jicho. Jina la mfumaji halipo. La mwenye sanduku lipo kwenye mnara.

Na nikakumbuka kwamba sheria ya 1807 haikugusa pwani yetu. Kilwa Kivinje iliendelea kupakia watu majahazini kwenda Unguja miongo kadhaa baada ya makofi ya London kwisha. Ukaja mkataba wa 1822, ukaja wa 1845, kila mmoja ukipunguza kidogo. Soko la Unguja lilifungwa 1873, chini ya Seyyid Barghash, miaka 66 baada ya sheria ile. Hali ya utumwa kisheria Unguja ilisubiri mpaka 1897. Bibi wa bibi yangu aliishi ndani ya miaka hiyo, kwenye njia ya misafara ya kwenda Kilwa. Kwa hiyo sitamwita Clarkson mkombozi wangu. Namwita mwanafunzi mwenzangu aliyekataa kuiacha insha yake kabatini. Hiyo inatosha, na si ndogo.

Sasa mnajua kwa nini naandika haya mwezi huu wa nane badala ya kumalizia sura ya nne.

Tasnifu yangu ina kurasa 80 kuhusu mabonde yanayobadilishwa na wahandisi. Watakaoisoma ni watu watatu, na mmoja wao analipwa aisome. Kwetu Rufiji bibi alilima mlau, kilimo kile cha kupanda maji ya mafuriko yanapopungua, ardhi bado mbichi na tope jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu walihamishwa bondeni kwenda juu, lakini wakawa wanashuka kulima na kulala kwenye madungu. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, lenye uwezo wa megawati 2,115. Taifa linahitaji umeme, mimi mwenyewe nimesomea kibatari najua thamani yake. Lakini mto ukidhibitiwa juu, maji na tope la chini hubadilika, na mkulima wa mlau ana haki ya kujua hubadilikaje, kwa lugha yake, kabla hajapanda. Rufiji si Fens, udongo wetu si mboji. Kinachofanana ni ule mkataba wa milele: mkishaushika mto, mmeushika nyinyi na wajukuu zenu, na ni vizuri wote waliomo wajue wameshika nini.

Nilimweleza bibi kwenye simu habari ya nguzo ya Holme. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mjukuu wangu, na wale waliokuwa wakila wale mikunga, wamekwenda wapi?" Profesa wangu hajawahi kuniuliza swali hilo. Nimeliandika juu ya sura ya tano, kwa Kiswahili.

Binamu anataka nibaki. Anasema saa 20 za stroberi ni mshahara wa mwezi wa mwalimu nyumbani, na kwa hesabu hajakosea sana. Nimepiga hesabu hizo usiku mwingi kuliko anavyodhani. Nikibaki, ada za wadogo zangu zitalipwa kirahisi. Nikirudi, tutabanana. Nimeamua kurudi, na sijui mama atanielewa, kwa sababu kabati la maktaba ya Uingereza halina haja na kurasa zangu 80, na bonde letu lina haja nazo hata zikiwa kurasa kumi.

Ninyi mlioko Mlimani na vyuo vingine, mnaofanya field mwaka huu huko Simiyu, Kigoma, Pemba: mlipoondoka, watu waliwapa uji, wakawajibu madodoso yenu, wakaacha shamba kwa ajili yenu. Majibu yao yako wapi? Mkishapona kudisco, rudisheni hata ukurasa mmoja. Si lazima kila mtu apande farasi maili 35,000. Clarkson alianza kwa kutafsiri.

Tasnifu naikabidhi mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi niko nyumbani. Nakala ya Kiswahili nimeianza, haitazidi kurasa kumi, ya kusomwa kwenye mkutano wa kijiji. Bibi ameshauliza kama itakuwa na picha, maana wazee wenzake hawaoni herufi ndogo. Itakuwa na picha: nguzo, mto ulio juu ya shamba, na herufi kubwa.